Paipu ya breki hupimwa mzigo ukiwa juu

Bidoni ya lita 20 ikijaa mawese ina uzito wa kilo 18 hivi. Anayesukuma baiskeli kutoka Kabambare kwenda Kasongo akifunga bidoni sita, tatu kila upande, anatembea na kilo 108 za mafuta, bila kuhesabu chuma cha baiskeli yenyewe. Katika njia hizi, zama za mfanyabiashara Tippu Tip, mpagazi wa msafara alitwishwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Baiskeli moja leo inabeba mzigo wa wapagazi watatu na ziada, kwa zaidi ya kilomita 100 za udongo mwekundu. Mlimani msukumaji anahangaika na mzigo. Mteremkoni mzigo unahangaika naye, na hapo ndipo breki inapotakiwa kufanya kazi.

Tuhesabu kidogo. Baiskeli na mzigo wake vikiwa kilo 130, kushuka bonde lenye kina cha mita 50 kunatoa nishati ya joule 64,000 hivi. Nishati hiyo inatosha kuchemsha glasi ya maji, na yote lazima igeuke joto mahali fulani: kwenye breki, au kwenye misuli na nyayo za anayeizuia. Breki za fimbo za baiskeli zetu za kawaida hubana vipande vya mpira kwenye rimu, na rimu ikilowa au ikipakwa tope vipande hivyo huteleza. Ndiyo maana wakati wa masika utamwona mtu ameegemea nyuma kwa mwili wote, visigino vikichimba barabara.

Kuna baiskeli imara za mizigo aina ya Buffalo, zinazosambazwa na shirika la World Bicycle Relief katika nchi kama Zambia na Kenya. Breki ya nyingi kati yao imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na hufunga pedali zikirudishwa nyuma. Kwa anayepanda ni breki nzuri, haijali mvua. Lakini anayetembea kando ya baiskeli hana mguu kwenye pedali. Yeye anahitaji breki ya mkono, na kati ya breki za mkono sijaona inayoishinda breki ya diski ya mafuta, ile iliyomo kwenye baiskeli za mlima na kwenye gurudumu la mbele la pikipiki nyingi.

Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika kitabu kilichochapwa mwaka 1663, baada ya kifo chake: msukumo unaotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Chukua pistoni ya mkononi yenye kipenyo cha milimita 10 na pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi zibane diski, yenye milimita 22. Eneo la pili ni karibu mara tano ya la kwanza, basi nguvu nayo huongezeka karibu mara tano. Gharama yake ni mwendo: pedi husogea sehemu tu ya milimita. Kwa hiyo hewa kidogo ikiingia kwenye paipu, kidole kinabana hewa badala ya diski, na mkono wa breki unafika hadi kwenye usukani bila baiskeli kusimama.

Sasa baiskeli ya mlima ya mtumba imefika, paipu zake zimefungwa kwa mpanda burudani wa Ulaya asiyebeba hata mfuko wa chumvi. Fundi anaona paipu inaning'inia mbele ya usukani, anachukua kisu. Namwomba aweke kisu chini kwanza, maana kuna swali la kuamua kabla ya urefu: mkono upi ufunge gurudumu lipi?

Baiskeli zilizofungwa kwa desturi ya Ulaya bara na Marekani, mkono wa kushoto ni wa gurudumu la mbele. Za Uingereza ni kinyume. Anayesukuma mzigo hutembea vizuri zaidi upande wa kushoto, mbali na mnyororo, na mkono anaoufikia kwa haraka ni wa kushoto. Kwenye mteremko wa tope, kufunga gurudumu la mbele kwa ghafla hulitupa kando na usukani hugeuka na mzigo wote. Kwa hiyo kwa baiskeli ya kusukumwa, mimi hupendelea mkono wa kushoto ufunge nyuma. Kwa baiskeli iliyotoka Ubelgiji hilo linamaanisha kubadilishana paipu mbili kwenye mikono yake, na ule urefu wa paipu ulioonekana wa ziada huenda ndio hasa utakaohitajika.

Baada ya hapo, paipu inapangiwa njia. Funga mzigo kama utakavyofungwa safarini, pamoja na ile fimbo ya kuongozea iliyofungwa kwenye usukani. Zungusha usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto hadi mwisho. Ikiwa foko ina springi, ibonyeze hadi chini. Kisha ilaze baiskeli taratibu ubavuni, kwa sababu itaanguka siku moja, na ikianguka usukani hujipindua kupita pale unapofika kwa kawaida. Katika hali zote hizo paipu isivutwe hata kidogo pale inapoingia kwenye mkono wa breki, na isikunjike kona kali. Urefu unaobaki baada ya jaribio hilo ndio wa ziada. Kwa baiskeli tupu nimekuwa nikiona watu wakikata vizuri kabisa, na kwa baiskeli yenye mzigo paipu ileile ikawa fupi.

Paipu ya nyuma isipite juu ya bomba la juu la fremu, maana hapo ndipo magunia na kamba vinapolala, na kamba iliyokazwa huweza kuisaga polepole njia nzima. Ipite chini ya bomba la chini, na pale mawe yanaporushwa na gurudumu ivikwe kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Karibu na kalipa ihakikishwe haigusi diski wala spoki. Vifungo vya plastiki viishike bila kuiminya, ukiweza kuisukuma kidogo kwa kidole imekaa sawa.

Ikiwa bado ni lazima kukata, kata upande wa mkono wa breki. Fundi wa pikipiki awe mwangalifu hapa: paipu ya pikipiki ncha zake zimebanwa kiwandani, haikatwi, hununuliwa kwa urefu wake. Ya baiskeli ya mlima hushikwa na nati ya spana namba 8, pete laini ya shaba ya manjano inayobanwa na nati hiyo, na kijibomba kidogo kinachopigiliwa ndani ya paipu ili isinywee. Pete na kijibomba hutumika mara moja tu. Kama huna vipya mkononi, usikate. Paipu ndefu iliyofungwa vizuri ni salama. Fupi isiyo na pete mpya itavuja. Tena vijibomba vya aina tofauti havilingani hata kama paipu zote zina unene wa milimita 5: Shimano peke yake ana paipu za BH59 na BH90, na kila moja ina cha kwake.

Toa gurudumu na pedi, weka kipande cha ubao kati ya pistoni ili zisitoke. Kata kwa wembe mkali au kisu kipya, wima kabisa. Koleo huiponda paipu na msumeno huacha vumbi ndani. Kisha mpangilio, ambao wengi hukumbuka wakiwa wamechelewa: kwanza vika kifuniko cha mpira, halafu nati, halafu pete, na mwisho pigilia kijibomba. Kuishika paipu bila kuiponda, mwombe seremala atoboe tundu la milimita 5 katika kipande cha mti mgumu, kisha akipasue kati kwa msumeno. Kile msumeno ulichokula kinafanya nusu mbili zibane paipu barabara. Sukuma paipu hadi mwisho ndani ya mkono wa breki, ishikilie hapo, kaza nati kwa vidole kisha kwa spana. Shimano hutaka nyutoni mita 5 hadi 7. Kwa spana ya sentimita 15, hiyo ni sawa na kuvuta ncha yake kwa nguvu ya kilo nne hivi. Kuzidisha hapo hakusaidii, kunavunja.

Halafu mafuta, na hapa sitanii. Breki za Shimano, Tektro na Magura hutumia mafuta ya madini. Nyingi za Hayes na za SRAM hutumia DOT, ile ya pikipiki na magari, ambayo ndiyo rahisi kuipata katika duka la vipuri. Moja ikimiminwa mahali pa nyingine, mipira ya pistoni huvimba na kuharibika. Soma maandishi yaliyopo kwenye mkono wa breki au kifuniko chake kabla ya kununua chochote. DOT hunyonya unyevu wa hewa: DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini kiwango chake ikiwa imelowa ni nyuzi 155 tu, na ikichemka mteremkoni inageuka mvuke, nao mvuke hubanika kama hewa. Chupa iliyokaa wazi tangu masika iliyopita isitumike.

Na mawese yasitiwe kabisa. Huanza kuganda chini ya nyuzi 35 hivi, kwa hiyo usiku wa baridi wa kiangazi yataziba paipu, na mipira ya ndani haikutengenezwa kwa mafuta ya mimea. Hata tone moja la mawese kutoka kwenye bidoni likidondokea diski, pedi hunyonya mafuta na breki huanza kupiga kelele bila kushika. Diski huko nyuma ipo upande wa kushoto. Bidoni za upande huo zifungwe vifuniko kwa uangalifu kuliko zingine, na zisining'inie juu yake.

Baada ya kutoa hewa kwa bomba la sindano kubwa la duka la dawa na mrija mwangavu, rudisha pedi na gurudumu, kisha bana mkono wa breki kwa nguvu na ushikilie dakika nzima. Ukizama taratibu kuelekea usukani, kuna uvujaji. Pangusa nati kwa karatasi nyeupe, tazama kama imelowa. Pakia nusu ya mzigo, tafuta mteremko mfupi ulio mkavu, ushuke mara kadhaa ukifunga na kuachia, kisha pangusa nati tena kwa karatasi safi kabla ya kupakia bidoni zilizobaki.