Dundu wa kinyesi atoa somo la plau lisiloganda udongo

MKULIMA anayelima kwa plau la ng'ombe katika udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga, anaijua vizuri adha hii. Udongo ukishalowa, huganda kwenye bapa linalougeuza. Ng'ombe huvuta mzigo usio na faida, naye husimama kila mara kukwangua.

Tufanye hesabu. Hekta moja yenye upande wa mita 100, ikilimwa kwa mifuo ya upana wa sentimita 20, ina mifuo 500. Ukisimama dakika moja tu kila baada ya mifuo miwili, unapoteza dakika 250, yaani zaidi ya saa nne. Udongo huu ukikauka ni mgumu kama tofali, ukilowa sana haulimiki. Siku za kulima ni chache, na anayechelewa kupanda huvuna kidogo.

Tatizo hasa ni maji. Kati ya udongo na chuma laini hujitokeza utando mwembamba wa maji unaovishikanisha, kama vioo viwili vilivyolowa vinavyogoma kuachana.

Lakini dundu anayeishi kwenye kinyesi na udongo hutoka humo akiwa safi. Nchini China, Profesa Ren Luquan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jilin, mjini Changchun, walimchunguza dundu huyo pamoja na viumbe wengine wa ardhini. Walibaini kuwa gamba lake si laini, bali lina vinundu vidogo vidogo, na halipendi maji. Vinundu hupunguza eneo la kugusana na udongo na kuukata ule utando wa maji.

Watafiti hao walitengeneza mabapa ya majaribio yenye vinundu, mengine yakitumia plastiki ngumu. Yalishika udongo kidogo na kuvutwa kwa nguvu ndogo kuliko mabapa laini ya chuma.

Wakulima wa Ulaya nao, katika udongo unaonata, hutumia mabapa ya plastiki au yaliyogawanywa vipande vyenye nafasi katikati. Kanuni ni ile ile: punguza mgusano.

Je, vinalipa? Inategemea shamba. Penye mchanga na mawe, plastiki huisha haraka na vinundu husagika, hivyo mkulima atanunua bapa jingine mapema bila kuokoa muda wowote. Faida ipo kwenye mfinyanzi, ambako saa nne kwa hekta zinaweza kuamua msimu. Karakana zetu za zana za kilimo zingeanzia huko, kwa kujaribu bapa la vipande, ambalo halihitaji teknolojia ngeni.

Kwa sasa, hatua ya bei nafuu ni kuzuia kutu, kwa kuwa bapa lenye kutu hushika udongo zaidi. Kila baada ya kazi, lioshe, likaushe na ulipake mafuta au grisi.