Posho, mshahara na cheti: kazi za mwanzo za afya Kasikeu

Kwa asiye na diploma katika wadi ya Kasikeu, kaunti ya Makueni, kazi ya afya iliyo karibu zaidi ni ya mhamasishaji wa afya ya jamii. Huteuliwa na wanakijiji wenyewe, hufunzwa, kisha hukabidhiwa takriban kaya 100 za kutembelea. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahamasishaji wapatao 100,000 nchini mikoba ya vifaa. Kwa vifaa hivyo mhamasishaji hupima presha na sukari mlangoni pa mgonjwa, huzungushia mkono wa mtoto utepe wa kupimia utapiamlo, na humwelekeza zahanati anayehitaji matibabu. Kwa kuwa ni jirani anayezungumza Kikamba, huambiwa mengi yasiyosemwa hospitalini. Malipo yake, hata hivyo, ni posho: shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Posho hiyo humfaa mwenye shamba au kibanda. Kuiita ajira ni kumpotosha kijana.

Anayemsimamia, msaidizi wa afya ya jamii, ana mshahara kwa sababu amesomea kazi hiyo chuoni. Chuo cha mafunzo ya matibabu cha serikali, KMTC, hufundisha fani hiyo, na kina tawi katika mji wa Wote. Tatizo ni nafasi: mhitimu husubiri hadi kaunti itangaze.

Ulezi wa wagonjwa nyumbani husomewa kwa miezi michache tu. Mlezi huogesha, hulisha, hukumbusha dawa, na humgeuza asiyeweza kujigeuza ili asipate vidonda vya kulalia. Kudunga sindano si kazi yake, ingawa familia nyingi humsukuma huko. Kasikeu kwenyewe soko ni dogo, maana wazee hutunzwa na mabinti na wakaza wana bila malipo. Wanaolipa wako Nairobi. Ng'ambo nako kumebadilika. Uingereza iliacha kupokea maombi mapya ya walezi kutoka nje Julai 2025. Ujerumani ilitia saini mkataba wa ajira na Kenya Septemba 2024, lakini anayetaka kazi ya uuguzi huko sharti kwanza ajifunze Kijerumani.

Cheti cha ulezi hakimwingizi mtu kwenye rejista ya Baraza la Wauguzi. Diploma ya uuguzi huchukua miaka mitatu, nayo hudai alama ya C katika mtihani wa kidato cha nne (KCSE) pamoja na kufaulu biolojia. Aliyepungukiwa na alama hizo hawezi kuzifidia kwa miaka aliyolea wagonjwa.