Seli Igawanyikapo Bila Kizuizi

Mnamo mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya maradhi hayo, ambayo sasa hujulikana kwa jina lake. Ni saratani, tena miongoni mwa zile zikuazo upesi kuliko zote: uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Seli ya kawaida haina pupa hiyo. Hukua kwanza kwa kuunda protini mpya, kisha hunakili kromosomu zake zote 46, yaani nyuzi zibebazo urithi. Nakala zikishakamilika, hujengwa vijiuzi vyembamba vya protini kutoka ncha mbili za seli. Hivyo hushika kila jozi ya nakala na kuzivuta huku na huku. Ndipo seli hujibana katikati ikawa mbili. Maabarani kazi yote hiyo huchukua yapata saa 24, na kule kuvutana kwenyewe kiasi cha saa 1 tu. Mwilini, seli nyingi hazianzi kabla ya kupata amri.

Miongoni mwa jeni zitoazo amri hiyo imo MYC, iliyoko katika kromosomu ya 8. Mwaka 1982 ilibainika kwamba katika ugonjwa wa Burkitt jeni hiyo mara nyingi huhamia kromosomu ya 14, kando ya jeni za kutengenezea kingamwili. Jeni hizo, katika aina ile ya seli nyeupe za damu, hazipumziki. Na MYC ikishakuwa jirani yake haizimiki tena.

Haraka hiyo ndiyo udhaifu wa uvimbe. Vinkristini, dawa itokanayo na mmea wa Madagaska upandwao kuwa pambo katika bustani nyingi za Afrika Mashariki, huzuia vile vijiuzi visijengeke. Seli hukwama katikati ya mgawanyiko, ikafa. (Kunywa majani yaliyochemshwa si tiba, ni sumu.) Ikiambatana na dawa nyingine, watoto wengi hupona.

Hata hivyo dawa haichagui. Seli za mashina ya nywele nazo hugawanyika upesi, hivyo nywele hunyonyoka. Mishipa ya fahamu, itumiayo vijiuzi vya namna hiyo hiyo kusafirishia vitu, huweza kudhurika, na vidole vikafa ganzi. Mzazi aonaye hayo asidhani mtoto kapata ugonjwa mwingine, akaacha kumrudisha hospitali; amweleze daktari, ili kipimo cha dawa kiangaliwe upya.