Kugonga na Kusikiliza: Kifaa Kinachopima Mawimbi ya Redio ya Mashine za Hospitali

Mwaka 1761 daktari Leopold Auenbrugger wa Vienna alichapisha kitabu kuhusu njia mpya ya kuchunguza kifua: kukigonga kwa ncha za vidole na kusikiliza sauti inayorudi. Penye hewa kifua huvuma. Penye maji sauti hufifia na kuwa nzito. Hata leo tabibu wa zahanati huko Kilolo au Rungwe hutumia vidole vyake vivyo hivyo. Hapasui kitu, hupeleka ishara anayoijua, kisha huilinganisha na ile inayomrudia.

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa kichanganuzi vekta cha mtandao, ambacho wahandisi hukiita kwa kifupi VNA. Neno “mtandao” hapa halihusu intaneti, bali njia ya umeme pamoja na nyaya na viungo vyake. Badala ya kugonga kwa vidole, kifaa hiki hupeleka wimbi dogo la redio, aghalabu lenye nguvu isiyozidi miliwati chache, ndani ya kebo au antena inayochunguzwa. Kisha hupima mambo mawili: sehemu ya wimbi iliyorudi ilikotoka, na sehemu iliyopenya hadi upande wa pili. Hurudia kazi hiyo kwa masafa mengi, moja baada ya jingine, na kuchora matokeo kwenye skrini.

Wimbi linalorudi lina sifa mbili. Ya kwanza ni ukubwa wake. Ya pili ni fezi, yaani jinsi linavyopishana kwa wakati na wimbi lililotumwa. Fundi wa mashine ya kusaga ya fezi tatu anajua kwamba mawimbi matatu ya umeme hayapandi kwa pamoja. VNA hupima upishano wa namna hiyo. Kupima ukubwa na fezi kwa pamoja ndiko kunakoitwa vekta, na humwezesha mhandisi kujua si tu kwamba kebo ina hitilafu, bali pia hitilafu hiyo iko umbali gani. Apazaye sauti mbele ya mwamba wa Kitonga hukadiria umbali kwa muda ambao mwangwi huchukua kurudi. Hesabu ni ya aina moja.

Haya yanamhusu mgonjwa kupitia mashine ya MRI. Katika mashine yenye sumaku ya tesla 1.5, viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji na mafuta ya mwili huitika kwa masafa ya takriban megahezi 64. Koili inayowekwa kichwani, gotini au mgongoni ni antena inayopokea mwitiko huo hafifu, na sharti iwe imelenga masafa hayo kama redio inavyolenga stesheni. Koili inapopimwa kwa VNA ikawa nzima, mchoro wa wimbi linalorudi huteremka kama bonde katika masafa hayo. Mteremko wa desibeli 20 una maana kwamba ni sehemu moja tu kati ya mia ya nguvu iliyorudi. Bonde likihama au likijaa, koili haisikii vizuri, na picha huweza kujaa chenga.

Kwa mgonjwa aliyepewa rufaa ya uchunguzi kutoka Iringa kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300, chenga hizo si suala la mafundi peke yao. Ni nauli, ni siku za kazi, na pengine ni uvimbe mdogo usioonekana.

VNA yenyewe husawazishwa kabla ya kutumiwa, kwa vipande vitatu vinavyojulikana: kilicho wazi, kilichounganishwa moja kwa moja, na kinachomeza wimbi lote. Ndivyo afanyavyo muuguzi wa kliniki ya watoto anapotundika mfuko wa kubebea na kuirudisha mizani kwenye sifuri kabla ya kumpima mtoto. Bila hatua hiyo, kasoro za kebo ya kupimia huhesabiwa kuwa za koili.

Mhudumu wa afya si lazima ajue kutumia VNA, lakini yeye ndiye wa kwanza kuiona picha mbaya. Koili isibebwe kwa kebo yake, wala kebo isikunjwe. Chenga zikianza, iandikwe tarehe na koili iliyotumika, kipimo kirudiwe kwa chombo cha majaribio, na mhandisi aitwe mapema. Mgonjwa naye atulie, kwa kuwa kutikisika pia huharibu picha. Na akiambiwa arudie kipimo, ana haki ya kuuliza sababu.

VNA hutumiwa kuchunguza koili, si kumtibu mgonjwa, na mawimbi yake si mionzi ya eksirei. Mawimbi yanayotumwa na MRI yenyewe pia si eksirei, ila yana nguvu kubwa zaidi na huweza kuupasha mwili joto. Kiwango chake hudhibitiwa kwa kufuata uzito wa mgonjwa. Kwa hiyo uzito upimwe, usikisiwe, na mgonjwa ataje kila chuma au kifaa kilichomo mwilini mwake kabla ya kuingia chumbani.