Shaka na faraja katika kazi ya fiziotherapia

Fiziotherapia ni tiba ya kuurudishia mwili uwezo wa kujongea kwa mazoezi, kukanda na kufundisha upya kazi za kila siku. Nchini Tanzania wengi wa wataalamu wake wamesomea katika hospitali ya KCMC, Moshi. Anayepangiwa kazi Mbinga, mkoani Ruvuma, huwa mbali na walimu wake, na mara nyingi hana mwenzake wa fani hiyo wa kumuuliza.

Shaka ya kwanza huzaliwa na tiba yenyewe. Dawa ya malaria hujulikana kwa siku chache kama imefanya kazi, ilhali mkono uliopooza kwa kiharusi huhitaji miezi. Tena sehemu kubwa ya nafuu huja katika miezi 3 ya mwanzo, wakati ambapo ubongo nao hujirekebisha wenyewe. Maumivu mengi ya kiuno vilevile hupungua ndani ya wiki 6. Aliyepona, je, amepona kwa mazoezi au kwa muda?

Shaka ya pili huletwa na maisha ya wagonjwa. Katika kilimo cha ngolo, yaani cha mashimo, cha Wamatengo wa Mbinga, wanaume hufyeka na kupanga nyasi kwa miraba, kisha wanawake huinama na jembe kuzifukia udongo. Kumwambia mama wa Mpepai anayeumwa kiuno aache jembe ni kumnyima chakula. Nauli ya kwenda Mbinga mjini nayo humfanya asirudi maumivu yakipungua, na mtaalamu asijue mwisho wake.

Dawa ya shaka hizi ni kupima. Siku ya kwanza huandikwa goti linakunjika kiasi gani, mgonjwa anatembea umbali gani kwa dakika 6, na kama anaweza kujifunga kitenge mwenyewe. Vipimo hivyo hurudiwa, na mazoezi hupangwa yafanyike nyumbani: mama huyo huonyeshwa namna ya kubadilisha mkao na kugawa kazi ya shamba kwa vipindi.

Kupima humwonyesha pia mtaalamu sehemu iliyo yake. Hauponyi ubongo, lakini huzuia bega lisikakamae, hufundisha ndugu kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, na humsimamisha tena. Kwa mtoto mwenye mguu kifundo, yaani wayo uliopinda tangu kuzaliwa, sehemu hiyo huonekana wazi: kwa njia ya Ponseti, plasta hubadilishwa kila wiki kwa wiki 5 hadi 8, kisha mtoto huvaa viatu maalumu, baadaye usiku tu, hadi umri wa miaka 4 hivi. Mguu ulionyooka hivyo haukunyooshwa na muda.