Egemeo la bunduki ndilo huamua shabaha

Na MWANDISHI WETU

WALENGAJI shabaha wengi wanaoingia katika mchezo wa kulenga mezani hutumia karibu pesa zao zote kununua bunduki na darubini, kisha hutwaa egemeo lolote lililo rahisi. Matundu yanapotawanyika kwenye karatasi, lawama huangukia risasi, mtutu au upepo. Aghalabu kosa huwa chini ya bunduki, wala si ndani yake.

Katika mchezo huu, mlengaji huketi kwenye meza nzito isiyotikisika. Sehemu ya mbele ya mti wa bunduki, yaani ule ubao unaobeba mtutu, hukaa juu ya egemeo lenye mfuko wa mchanga. Kitako nacho hukaa juu ya mfuko mwingine ulio nyuma.

Katika tawi kuu la mchezo huu, mshindi si yule aliyepiga katikati ya duara, bali yule ambaye matundu yake matano yamekaribiana zaidi, kwa umbali wa yadi 100 (mita 91) au yadi 200 (mita 183).

Nchini Marekani, ambako shirika la NBRSA linalosimamia mchezo huu liliundwa mwaka 1951, Mac McMillan alipiga kundi la risasi tano lenye upana wa inchi 0.009 mwaka 1973. Rekodi hiyo ilidumu miaka 40, hadi Mike Stinnett alipopata inchi 0.0077 mwaka 2013. Hiyo ni takriban milimita 0.2, ikipimwa kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha jingine. Kwa macho matupu, ungedhani risasi zote zilipita katika tundu moja.

Ili kufahamu mchango wa egemeo katika ufanisi wa aina hiyo, hesabu ndogo yatosha. Tuseme umbali kati ya egemeo la mbele na la nyuma ni sentimita 75. Kitako kikishuka kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao ni unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, risasi itapanda kwa takriban milimita 12 kwenye shabaha iliyo yadi 100.

Kitako kikishuka kabla ya kufyatua, mlengaji ataliona kosa kwenye darubini na kulirekebisha. Hatari kubwa ni ule mwendo asioweza kuuona. Risasi huchukua takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde kupita ndani ya mtutu, na kabla haijatoka, bunduki huwa imekwisha kuanza kurudi nyuma, ingawa kwa kiasi kisichotimia milimita moja. Ikikwama kidogo upande mmoja leo, na upande mwingine kesho, matundu hayawezi kukutana.

Kwa hivyo, swali la kuuliza dukani si kama egemeo ni zuri au ghali. Swali ni hili: je, litaiacha bunduki irudi nyuma kwa njia ile ile kila mara, na kuipokea mahali pale pale inaposukumwa mbele tena?

Egemeo la mbele

Sifa ya kwanza ni uzito. Egemeo jepesi husogea kila bunduki inapofyatuliwa, na mlengaji hulazimika kuanza upya. Yale yanayoaminika huwa na kitako kipana cha chuma, miguu mitatu, na ncha kali chini ya miguu hiyo ili zishike meza. Miguu mitatu hufaa kuliko minne kwa sababu haichezi hata meza ikiwa na mabonde madogo.

Sifa ya pili ni jinsi linavyorekebishwa. Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza hutumia skrubu mbili: moja hupandisha na kushusha bunduki, nyingine huipeleka kulia na kushoto. Aina ya pili ina mkono mmoja mrefu unaomwezesha mlengaji kuelekeza bunduki pande zote kwa pamoja, bila kuondoa jicho kwenye darubini. Aina hii huwa ghali zaidi.

Ubora wa mkono huo mmoja ni kasi. Katika mashindano ya kawaida, mlengaji hupewa dakika saba kupiga risasi tano za kuhesabiwa. Wengi husubiri upepo utulie katika hali moja, kisha hupiga zote harakaharaka kabla haujabadilika. Anayezungusha skrubu mbili anaweza kupitwa na upepo huo. Hata hivyo, kwa anayejifunza, egemeo zito la skrubu mbili lisilolegea ni bora kuliko la mkono mmoja lililoundwa ovyo.

Sifa ya tatu ni mfuko wa juu. Ni sharti ulingane na upana na umbo la mti wa bunduki. Kanuni za madaraja ya kawaida haziruhusu sehemu hiyo ya mti kuzidi upana wa inchi tatu (milimita 76), na mifuko mingi ya mashindano imeshonwa kwa kipimo hicho. Bunduki ya kuwindia, ambayo mti wake ni mwembamba na wa mviringo, ikiwekwa humo hulala upande. Mfuko uishike bunduki isiyumbe, lakini usiibane kiasi cha kuizuia kuteleza.

Egemeo la nyuma

Mfuko wa nyuma una masikio mawili yaliyosimama kama ya sungura, na kitako hukaa katikati yake. Walengaji wengi huudharau kwa kuwa hauna skrubu wala chuma, ilhali hesabu tuliyoitoa hapo juu inahusu kitako hasa.

Masikio yashindiliwe mchanga hadi yawe magumu. Yakiwa laini, kitako huzama kidogo kila risasi inapopigwa. Sehemu ya chini nayo iwe pana na bapa, na mfuko upigwepigwe mezani hadi utulie kabla ya shindano kuanza. Ngozi hudumu, lakini hushika bunduki ikipata unyevu. Kitambaa kigumu cha nailoni huteleza vyema zaidi. Baadhi ya walengaji hupaka poda ya watoto ili kupunguza mkwaruzo.

Kuhusu mchanga, uzito ndio jambo kuu. Mchanga mzito wa zirkoni hupendwa kwa sababu mfuko uliojazwa huo huwa na uzito unaokaribia maradufu ya ule uliojazwa mchanga wa kawaida. Zirkoni si kitu kigeni kwetu: ni mojawapo ya madini yaliyochimbwa katika Kaunti ya Kwale hadi mgodi wa Base Titanium ulipokoma kuchimba mwishoni mwa mwaka 2024. Asiyeupata mchanga huo atumie mchanga safi, uliochujwa na kukaushwa kabisa. Mchele, maharagwe au chembe za plastiki ni nyepesi mno, na kanuni za mashindano hutaka mchanga pekee.

Jifya moja haliinjiki chungu

Wahenga walinena kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Vivyo hivyo, egemeo la mbele la thamani kubwa halifai kitu likiwa na mfuko hafifu nyuma yake. Mawili hayo ni chombo kimoja, na yanapaswa kuwekwa kwenye mstari mmoja na mtutu. Yakipinda, bunduki itarudi nyuma kwa mshazari.

Kuna jaribio jepesi la kupima jambo hilo. Hakikisha bunduki ni tupu na bolti yake imetolewa. Ielekeze kwenye shabaha, kisha ivute nyuma polepole kwa sentimita tano huku ukitazama darubini. Msalaba wa darubini ukisafiri wima bila kwenda kando, maegemeo yamenyooka. Isukume mbele hadi iguse kizuizi cha egemeo. Msalaba ukirudi pale pale mara kumi mfululizo, una kifaa cha kuaminika. Hakikisha pia vishikizo vya mkanda havigusi mifuko.

Kabla ya kununua, soma kanuni za daraja unalokusudia kushindana. Katika madaraja ya kawaida ya mezani, maegemeo hayo mawili hayaruhusiwi kuunganishwa wala kufungwa kwenye meza. Kanuni kama hiyo ya kutounganisha inatumika katika F-Open, tawi la mchezo wa F-Class ambao mlengaji hulala chini na kulenga hadi yadi 1,000. Afrika Kusini iliandaa mashindano ya dunia ya F-Class mjini Bloemfontein mwaka 2023.

Yapo pia maegemeo ya kipande kimoja yanayobeba bunduki mbele na nyuma, na huwekewa vyuma vizito ili isirudi nyuma. Hayo humpunguzia mtumiaji maumivu ya bega, lakini hayakubaliki katika madaraja tuliyoyataja. Fauka ya hayo, nguvu inayozuiwa kwenda nyuma huishia kwenye mti wa bunduki, na inaweza kuupasua.

Mwenye pesa chache basi aanze na mfuko mzuri wa nyuma uliojaa mchanga mzito, kisha egemeo la mbele lenye uzito wa kutosha na mfuko unaolingana na bunduki yake. Mkono mmoja wa kuelekezea unaweza kusubiri. Afanye hivyo kabla ya kubadilisha mtutu au kununua darubini nyingine, kwa kuwa bila maegemeo imara hawezi hata kujua kama mtutu alio nao una kasoro.