Kabla Dereva Hajaitwa Mwizi wa Petroli: Kagua Mipira ya Vakyumu na Taimingi



Mwaka 2019 dereva mmoja wa tawi letu hapa Uganda aliitwa na tajiri wake akaambiwa kwamba anauza petroli njiani. Pikapu yake ya zamani, ya kabureta na silinda 4, ilikuwa ikienda kilomita 9 kwa lita moja. Katika muda wa miezi miwili ikashuka hadi kilomita 6. Mshahara wake ulikatwa mara mbili, na mara ya tatu alitishwa kufukuzwa.

Nilipoitwa kumsimamia niliomba kwanza tufungue boneti. Mimi nilimaliza darasa la saba tu, lakini kabla ya kazi ya chama nilishika spana miaka kumi na moja. Tulikuta mpira mdogo unaokwenda kwenye distributa umepasuka mwishoni, na boliti ya distributa ina alama mpya za spana. Mwizi wa petroli alikuwa ni mpira wenye urefu wa shibiri moja.

Magari mapya yana kompyuta inayopanga moto yenyewe. Lakini pikapu za kabureta bado zinafanya kazi mashambani, shuleni na kwa wenye maduka, na wenzetu ndio wanaoziendesha. Kwa hiyo nimeona nieleze jambo hili kwa dereva na kwa fundi mwanafunzi.

Vakyumu ni nini

Pistoni ikishuka huvuta hewa. Kabureta ina mlango mdogo unaozuia hewa hiyo, unaofunguka unapokanyaga mafuta. Usipokanyaga, mlango karibu umefungwa, na nyuma yake kunakuwa na mvuto mkubwa. Mvuto huo ndio vakyumu. Mipira huupeleka kwenye kazi mbalimbali, na mbili ni kubwa: kusaidia breki na kusogeza moto ndani ya distributa.

Mpira ukipasuka, hewa huingia bila kupita kwenye kabureta. Petroli inakuwa kidogo kuliko hewa. Injini hutetemeka gari likisimama, huzimika kwenye taa za barabarani, hukosa nguvu mlimani. Dereva hukanyaga zaidi. Fundi mvivu huongeza petroli kwenye skrubu ya kabureta ili mtetemeko upungue. Hapo ndipo gari linapoanza kunywa.

Taimingi ni nini

Cheche ya plagi haichomi petroli yote mara moja. Moto unahitaji muda kusambaa. Tuseme unahitaji sehemu mbili za elfu moja za sekunde. Injini ikizunguka mara 900 kwa dakika, katika muda huo krenki inageuka karibu digrii 11. Ikizunguka mara 3,000, inageuka digrii 36. Kwa hiyo mwendo ukizidi, cheche lazima itangulie zaidi kabla pistoni haijafika juu. Vyuma vidogo vyenye springi ndani ya distributa hutanuka na kufanya kazi hiyo.

Lakini kuna jambo la pili. Gari likienda taratibu kwenye tambarare, mchanganyiko ndani ya silinda ni mwembamba na huungua polepole. Hapo cheche inatakiwa itangulie zaidi tena. Kazi hiyo hufanywa na kikopo cha vakyumu kilicho ubavuni mwa distributa. Ndani yake mna ngozi nyembamba inayovutwa na vakyumu. Mpira wake ukipasuka, au ngozi ikitoboka, gari litatembea lakini litachelewa kuchoma, na petroli itapotea kila kilomita.

Kukagua mipira

Anza na mipira. Ukianza na taimingi wakati hewa inavuja, utapanga injini ifuate ugonjwa.

Kwanza, zima injini na uache ipoe. Pitisha mkono kwenye kila mpira, hasa miishoni. Mpira uliokauka kama ganda, au uliolainika kwa oili, ubadilishwe. Ukipasuka mwisho tu na una urefu wa kutosha, kata kipande hicho uurudishe.

Pili, washa injini usikilize kama kuna mluzi. Bana mpira mmoja mmoja polepole kwa koleo lililofungwa kitambaa. Mngurumo ukibadilika na kuwa mzuri, uvujaji uko mbele ya pale ulipobana.

Tatu, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na manifoldi. Maji yakivutwa ndani, mngurumo hubadilika kwa muda mfupi. Yasifike kwenye distributa na waya za plagi. Wako mafundi wanaonyunyiza petroli. Msifanye hivyo. Injini ni ya moto na cheche ziko karibu.

Nne, jaribu kikopo cha distributa. Zima injini, toa mpira upande wa kabureta, fungua kifuniko cha distributa, vuta hewa kwa mdomo na uzibe kwa ulimi. Bamba la ndani lazima lisogee na likae hapo. Likirudi lenyewe, ngozi imetoboka.

Tano, breki. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka, usitoe gari hilo. Kasoro hii si ya petroli tena, ni ya roho za watu.

Mwenye geji ya vakyumu asisahau mwinuko wa mahali. Vitabu vingi vinasema injini nzima husoma kati ya inchi 17 na 21 bila kukanyaga mafuta. Hayo ni masomo ya usawa wa bahari. Kwa kila futi 1,000 za kupanda, hupungua karibu inchi moja. Kampala, yenye mwinuko wa karibu mita 1,200, ondoa inchi 4. Kabale, karibu mita 2,000, ondoa inchi 6. Nimeona injini nzima ikifunguliwa bure kwa sababu ya kitabu kilichoandikwa pwani.

Kupanga taimingi

Panga platini kwanza, kwa sababu nafasi yake ikibadilika taimingi nayo hubadilika. Nyingi hutaka milimita 0.4 hadi 0.5, lakini fuata kitabu cha injini yako. Kisha:

1. Pasha injini moto, na mwendo wake bila kukanyaga uwe ule wa kitabu.
2. Kama kitabu hakisemi vingine, toa mpira wa distributa na uuzibe kwa skrubu. Usipouziba, umetengeneza uvujaji mwingine.
3. Funga taa ya taimingi kwenye waya wa silinda namba 1 na umulike alama ya puli. Injini nyingi za namna hii hutaka digrii 5 hadi 10 kabla ya pistoni kufika juu.
4. Legeza kidogo boliti ya distributa. Ukigeuza distributa kinyume cha mzunguko wa rota, moto unatangulia. Ukiigeuza kuufuata mzunguko, moto unachelewa.
5. Kaza boliti, kisha mulika tena, maana kukaza nako husogeza.
6. Rudisha mpira. Kanyaga mafuta kidogo ukimulika. Alama lazima isogee mbele.

Asiye na taa ya taimingi, na gari ni la platini, achukue balbu ya volti 12. Waya mmoja uende kwenye upande wa koili unaokwenda kwenye distributa, wa pili kwenye bodi ya gari. Geuza injini kwa mkono hadi alama, silinda namba 1 ikiwa inabana hewa. Washa swichi, geuza distributa taratibu. Balbu inapowaka tu, platini zimefunguka, na hapo ndipo cheche inapotoka. Usiache swichi muda mrefu, koili itaungua.

Moto ukitangulia mno, injini hugonga mlimani kama misumari ndani ya kopo, na pistoni hutoboka. Ukichelewa mno, injini huchemka, hukosa nguvu na hunywa petroli.

Fundi, vua tai na shati la kuning'inia kabla ya kukaribia feni. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, maana moshi wake huua mtu bila kumwonya.

Mambo ya kazini

Yule ndugu yetu alirudi kazini. Baada ya kubadilisha mpira na kupanga taimingi, pikapu ilirudi karibu kilomita 9. Tajiri alirudisha makato ya mwezi mmoja. Ya mwezi mwingine hakurudisha, kwa sababu dereva hakuwa na maandishi kwamba aliripoti kasoro. Aliripoti kwa mdomo tu.

Kwa hiyo kila dereva awe na daftari. Andika tarehe, kilomita, lita, na kasoro uliyoona. Mpe mwajiri ripoti kwa maandishi, ubaki na nakala. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba kabla ya kumwachisha mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, na mfanyakazi anaweza kuwa na mtu aliyemchagua. Mchague mwakilishi wa tawi lako, na mwende na daftari hilo.